Namna ya Kutumia Virutubisho vya Antioksidanti Umri Unaposonga
Mwili unapotumia oksijeni kutengeneza nishati, huzalisha pia radikali huru, yaani molekuli zisizotulia ambazo huharibu seli kidogo kidogo. Antioksidanti, zikiwamo vitamini C na E, huzituliza. Hata hivyo, anza na matunda na mboga za rangi mbalimbali, kwani kidonge hakijathibitishwa kuwa badala yake.

Ukiamua kutumia vidonge, soma kwanza kipimo kilichoandikwa kwenye lebo: kwa mtu mzima, vitamini C isizidi miligramu 2,000 kwa siku. Mvutaji wa sigara aepuke kabisa vidonge vya beta-karotini (antioksidanti ya rangi ya machungwa iliyomo kwenye karoti), na hili nalisisitiza, kwa sababu utafiti uliofanyika Ufini na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wanaume wavutaji waliopewa miligramu 20 kila siku waliugua saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wenzao wasioimeza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kabla ya kumeza vitamini E nyingi, maana huongeza hatari ya kuvuja damu.

Mwenye sababu nzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni yule ambaye daktari wa macho amemgundua kuwa na uharibifu wa uzeeni wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) uliofikia hatua ya kati: mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini (rangi asilia za mboga) waweza kupunguza kasi ya ugonjwa huo.