Kutoka noti ya zamu hadi malipo: kumbukumbu za kielektroniki kwa wakala mdogo wa huduma za ulemavu

Haya yanamhusu mwenye wakala wa huduma kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji nchini Marekani, ambaye jimbo lake limekabidhi Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu, kwa kampuni za bima. Ulizoea kulidai jimbo malipo ya huduma. Sasa unadai kampuni mbili tatu, kila moja na taratibu zake. Mfumo wowote utakaonunua, kazi yake ni kuhakikisha kibali (idhini ya mlipaji kutoa huduma), noti (maandishi ya mfanyakazi ya zamu yake) na dai la malipo vinasomana.

1. Anza na vibali. Kwa kila mteja ingiza namba ya kibali, msimbo wa huduma, tarehe ya kuanza na kuisha, na idadi ya yuniti, yaani vipimo vya huduma vinavyolipiwa. Msimbo T2021, huduma ya mchana, huhesabiwa kwa yuniti za dakika 15, kwa hiyo yuniti 480 ni saa 120, basi. Weka onyo la siku 30 kabla ya kibali kuisha. Kila tarehe 1 ya mwezi hakiki mteja yuko kampuni gani. Wengi huhamishwa bila wakala kuambiwa.

2. Ingiza malengo ya mpango wa mteja ndani ya fomu ya noti, ili mfanyakazi achague lengo kabla ya kuandika. "Alishinda vizuri" haimtetei mtu siku ya ukaguzi. Noti inayosimama ni hii: "Kupiga mswaki: hatua 4 kati ya 6 peke yake, alikumbushwa kwa maneno mara 3."

3. Washa uthibitisho wa ziara wa kielektroniki, EVV, unaorekodi mfanyakazi anapofika na kuondoka. Sheria ya shirikisho ya 2016 inataka mambo sita: aina ya huduma, anayehudumiwa, anayehudumia, tarehe, mahali, na saa za kuanza na kumaliza. Uthibitisho huu unahusu huduma binafsi na za afya zinazotolewa nyumbani kwa mteja. Kosa la kila wiki ni mfanyakazi kusahau kufunga ziara. Msimamizi arekebishe kesho yake na aandike sababu, asingoje siku ya kudai.

4. Kagua jinsi mfumo unavyogeuza dakika kuwa yuniti. Saa 3:00 hadi 5:50 asubuhi ni dakika 170: yuniti 11, na dakika 5 zinabaki. Programu ikipandisha hadi 12 wakati kanuni ya mlipaji hairuhusu, umedai zaidi, na fedha hiyo utairudisha. Usiamini mpangilio ambao programu imekuja nao.

5. Tuma madai machache kwanza, ya wateja watano hivi, kwa kila kampuni. Soma faili la majibu ya malipo kutoka kwa mlipaji, liitwalo 835, mstari kwa mstari; dai lililokataliwa huwa na msimbo wa sababu. Msimbo 197 ni kibali hakipo, mara nyingi tarakimu moja imekosewa. 198 ni umevuka kiasi cha kibali. 29 ni umechelewa kudai. Hiyo ya mwisho ndiyo chungu, kwani huduma ilitolewa na mfanyakazi alishalipwa. Muda wa kudai umo kwenye mkataba na hutofautiana. Uandike kwenye kalenda ya mfanyakazi anayetuma madai, kampuni kwa kampuni.

Noti yenye kosa haifutwi. Ongeza marekebisho yenye tarehe na jina, ya awali ibaki ikisomeka.