Kati ya ngapi? Namna ya kukokotoa uwezekano na takwimu kwa mambo ya kila siku

Mi nafundisha tuisheni ya hesabu jioni huku Uyole, Mbeya, kidato cha tatu na cha nne, na kila tukifika kwenye uwezekano naona kitu kilekile, mtoto kakariri fomula zote vizuri kabisa halafu swali likija la maneno tu, la viazi au la mvua, anaduwaa. Akili anayo. Ila hajazoea kujiuliza swali moja dogo kabla ya kushika kalamu: kati ya ngapi? Ukisema "nina bahati ya kupata" au "mara nyingi inatokea" hujasema kitu mpaka uniambie kati ya ngapi, na hao ngapi ni wepi. Namba ya chini kwenye sehemu, ile tuliyofundishwa shule ya msingi kuiita asili, ndo inayokosewa kuliko zote, na ukiipatia hiyo kazi iliyobaki ni kuzidisha na kujumlisha.

Tuanze na viazi maana huku kwetu hakuna asiyevijua. Chukua sado moja ya viazi mviringo, tuseme vimo 20. Kwa nje vyote vizuri, ngozi safi, vigumu. Ila kuna ule ugonjwa wa mnyauko, unakata kiazi katikati kwa kisu unakuta duara la kahawia linazunguka kwa ndani, ukikibinya kinatoa uteute mweupe, hicho hakifai. Tuseme kati ya hivyo 20, vinne viko hivyo na wewe hujui ni vipi. Unachukua viwili bila kuchagua. Kuna uwezekano gani upate angalau kimoja kibovu?

Darasa zima hapa hujibu haraka: kimoja ni 4 kwa 20, yaani 1/5, viwili si 2/5, basi imeisha. Sio. Hebu jaribu njia hiyohiyo kwa viazi sita, unapata 6/5, zaidi ya hakika, na hakuna kitu kinachozidi hakika. Ukiona jibu la uwezekano limevuka 1 jua umejumlisha mahali pa kuzidisha.

Fanya hivi. Neno "angalau" likitokea geuza swali, tafuta kinyume chake, yaani vyote viwili viwe vizima. Kiazi cha kwanza kuwa kizima ni 16/20. Sasa hapa tulia kidogo, kiazi cha kwanza kiko mkononi mwako hakijarudi kwenye sado, kwa hiyo vimebaki 19 na vizima vimebaki 15, cha pili ni 15/19. Asili imebadilika! Zidisha: 16/20 × 15/19 = 240/380, ukirahisisha ni 12/19. Basi angalau kimoja kibovu ni 1 − 12/19 = 7/19, kama 37 kwenye 100. Sio 40.

Na mi huwa siwaruhusu wanafunzi waishie hapo, lazima wahakiki kwa kuhesabu jozi. Viazi 20 vinatoa jozi 190 (20 × 19 gawa kwa 2). Jozi za vizima vitupu ni 16 × 15 gawa kwa 2, ni 120. Kizima kimoja na kibovu kimoja ni 16 × 4, ni 64. Vibovu vitupu 6. Jumlisha 120 na 64 na 6, unapata 190 kamili, hakuna jozi iliyopotea. Hiyo raha ya kuona hesabu imefunga yenyewe ndo inayomfanya mtoto aache kuogopa, nimeiona kwa macho yangu mara nyingi sana.

Lakini subiri, hiyo "vinne kati ya 20" tumeitoa wapi? Kwenye maisha hupewi, unakadiria kwa sampuli, na hapo watu wanaumia. Pale sokoni Mwanjelwa ukiangalia gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo, vile vya juu vinavyochungulia kwenye nyavu ni vikubwa na vizuri kwa sababu vimepangwa vikae juu. Ukikata vitano vya juu ukakuta vyote vizima umejifunza habari za juu tu. Chota juu, chota katikati, chota chini, na anayechota awe mkono wako, sio macho yako. Sampuli ndogo iliyochukuliwa bila upendeleo inakusaidia kuliko kubwa iliyochaguliwa.

Sasa wastani. Mama mmoja anauza mboga karibu na ninapokaa aliniita, "mwalimu hebu njoo unipigie hesabu, nataka kukopa, wanataka rejesho la kila siku." Shikamoo mama, marahaba, nikakaa kwenye ndoo. Mauzo yake ya siku saba kwa maelfu ya shilingi yalikuwa hivi: 18, 20, 22, 19, 21, 20, 90. Ile 90 ni siku watu wa harusi walikuja kubeba meza nzima. Jumla 210, gawa kwa 7, wastani ni 30. Mkopeshaji kaona 30,000 kwa siku, akamwambia rejesho la 8,000 linakuhusu, utaweza. Ila zipange kutoka ndogo kwenda kubwa: 18, 19, 20, 20, 21, 22, 90. Ya katikati ni 20. Katika siku saba, sita hajafika hata 23,000! Na hapo ni mauzo, bado hajatoa mtaji na nauli. Nikamwambia mama yangu, rejesho lako lipime kwa ile ya katikati, harusi haiji kila Jumamosi. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inakausha kweli kwa sababu ya wastani kama huo.

Hii haina maana wastani ni mbaya. Ukitaka kujua wiki nzima imeingia kiasi gani, 30 × 7 inakurudishia 210 sawasawa, namba ya katikati haiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo jiulize swali lako linahusu jumla au siku ya kawaida.

Sehemu ngumu sasa, na ndo naipenda kuliko zote. Kipimo cha haraka cha malaria. Tuseme (namba hizi nimezitunga za kufanyia zoezi) kipimo kinawakamata 95 kati ya 100 wenye malaria, na wasio nayo kinakosea kwa 5 kati ya 100. Umepima, kimesoma una malaria. Uwezekano kwamba unayo kweli ni ngapi? Wengi wanasema 95. Acha asilimia, leta watu 1,000 kichwani, wapange kwenye foleni.

Foleni ya kwanza iko Makete kwenye baridi, tuseme wenye malaria ni 20 tu. Kipimo kinawakamata 19. Waliobaki 980 hawana, ila 5 kwa 100 yao ni 49, nao wanasomeka wanayo. Jumla waliosomeka 68, wenye nayo kweli 19. Ni 19/68, kama 28 kwenye 100. Foleni ya pili iko Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa kwenye joto na mbu, tuseme wenye malaria ni 300. Kinawakamata 285. Kati ya 700 wasio nayo kinakosea 35. Jumla 320, na 285/320 ni kama 89 kwenye 100. Kipimo kilekile, majibu mbali kabisa. Ile 95 ilikuwa kati ya wenye malaria, wewe uliuliza kati ya waliosomeka wanayo, asili mbili tofauti. Na daktari anapokuuliza umesafiri wapi wiki hizi, anataka kujua wewe ni wa foleni ipi, kwa hiyo mjibu ukweli na umsikilize, dawa sio za kujiamulia kwa hesabu ya tuisheni.

La mwisho ni mikeka ya kubeti mpira, ambayo timu moja tu ikikosa mkeka wote umechanika, maana vijana wangu wa bodaboda pale stendi wananiuliza kila siku. Timu nane, kila moja unaamini ina 7 kati ya 10 ya kushinda. Zote nane zishinde? Kama mechi hazitegemeani unazidisha: 0.7 × 0.7 ni 0.49, hiyo mara yenyewe ni 0.2401 kwa timu nne, mara yenyewe tena ni kama 0.058 kwa nane. Mikeka 6 kwenye 100 ndo inatiki, yaani inashinda, 94 inachanika, na hapo kila timu ulikuwa na uhakika nayo. Na lile neno "imechanika mitano mfululizo, wa leo lazima utiki", hapana mdogo wangu, mechi za leo hazijui mikeka yako ya jana, ni ileile 6 kwenye 100. Hesabu hizi zenyewe zilikua kutokana na kamari, mwaka 1654 wanahisabati Pascal na Fermat wa Ufaransa waliandikiana barua juu ya kugawana fedha za mchezo uliokatishwa kabla ya kuisha.

Haya jaribu hili mwenyewe kabla hujasoma jibu. Trei ya mayai 30, matatu ni viza, muuza chipsi anachukua mawili bila kuangalia anakukaangia chipsi mayai. Uwezekano upate angalau yai viza moja? Geuza swali, kumbuka la pili ni kati ya 29, kisha hakiki kwa jozi 435. Ukipata 28/145, kama 19 kwenye 100, umepatia.