Kabla shifti ianze, angalia sakafu

Wafanyakazi wa hospitali tunaogopa sindano, tunalalamika mgongo, lakini ukiteleza koridoni unaamka haraka, unaangalia nani ameona, unaendelea na raundi. Hiyo mambo tuache.

Anza na viatu. Crocs zenye soli imeisha ni za nyumbani, na zile za mashimo zaidi, juu damu na sindano zinapitia hapo. Tafuta kiatu kimefungwa, soli ya raba yenye mistari bado inaonekana, na hizi mvua za Machi mpaka Mei beba cha kubadilisha, si uingie na matope ya steji moja kwa moja hadi kwa terazo.

Ukifika wodi, kabla ya kupokea ripoti, pita mara moja tu uone: waya ya mashine ya oksijeni imekatiza njia, stuli ya kupandia kitanda imeachwa katikati, sinki inavuja, miguu ya drip stendi imetokeza. Kubwa kuliko zote ni mopu. Mahali pengi sakafu hupigwa mopu saa ile ile watu wa usiku wanatoka na wa mchana wanaingia, yaani korido imejaa na imelowa, halafu sabuni isiposuuzwa vizuri inabaki inateleza hata ukiona kumekauka. Msimgombeze mama wa usafi jamani, yeye anafuata masaa amepangiwa. Mwenye ratiba ndiye wa kuongeleshwa: wapige nusu ya korido kwanza, ile nusu ingine ibaki kavu watu wapite. Usiku weka katochi mfukoni, stima ikipotea jenereta haiwaki papo hapo.

Halafu makaratasi, na hapa ndio wengi huumia mara ya pili. Jua mapema kitabu cha ajali kiko wapi. Ukianguka, mwambie insaja (msimamizi wa wodi) siku hiyo hiyo na uandikwe, hata kama ni goti tu, juu goti hufura kesho. Hapa Kenya, sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia ya kuumia kazini, inampa mwajiri siku 7 kuripoti kwa mkurugenzi wa DOSHS (idara ya serikali ya usalama na afya kazini) akishapata habari, na wewe una miezi 12 ya kudai fidia, lakini bila rekodi utaanzia wapi? Kama wewe ni wa lokam, yaani unashikilia shifti kwa muda tu, uliza HR kabla ya shifti ya kwanza uko kwa bima ya nani, na wakujibu kwa maandishi.