Kusikiliza redio za Mtwara na Lindi kwenye kompyuta ukiwa ughaibuni

Minada ya korosho ikianza Oktoba, walioko nje hupiga simu nyumbani kuulizia bei za vyama vya ushirika vya TANECU au RUNALI, ilhali habari hizo redio za kusini huzitangaza. Kinachowakwamisha wengi ni programu za kukusanya vituo vya dunia nzima. Kituo kikihamisha seva, anwani iliyohifadhiwa humo hubaki ile ya zamani, nawe unadhani redio imefungwa. Walioko Uingereza wana kikwazo kingine: TuneIn, mojawapo ya programu hizo, ilishindwa mahakamani na Sony na Warner mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikawafungia wasikilizaji wa huko vituo vingi vya nje.

Kwa hiyo tafuta anwani ya mkondo (stream) wenyewe wa sauti, kisha uucheze kwa VLC, programu ya bure inayopatikana videolan.org. Iwe unaitafuta Jamii FM ya Naliendele, Radio Fadhila ya Masasi au Mashujaa FM ya Lindi, anzia kwenye tovuti ya kituo au ukurasa wake wa Facebook. Fungua ukurasa wenye kitufe cha kusikiliza, lakini usikibonyeze bado. Bonyeza F12, chagua Network, halafu Media, ndipo uiwashe redio. Mstari utakaotokea ndio mkondo. Ubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na unakili anwani yake. Ukitangulia kuiwasha redio kabla ya F12, orodha huwa tupu. Bonyeza F5 uanze upya. Mikondo yenye mwisho wa .m3u8 haikai chini ya Media, hivyo itafute chini ya All.

Ndani ya VLC bonyeza Ctrl+N, bandika anwani, kisha Play. Faili ndogo zenye mwisho wa .pls au .m3u nazo zinafaa: ni maandishi tu yenye anwani ndani, unaweza hata kuzisoma kwa Notepad. Vituo vyako vikishakuwa kwenye orodha, Ctrl+Y huihifadhi yote, na siku nyingine unabofya faili hiyo tu.

Wakati mwingine ukurasa wa kituo uko kimya kabisa lakini VLC inacheza vizuri. Mara nyingi sababu ni kwamba ukurasa unaanza na https huku mkondo ukianza na http tupu. Kivinjari huuzuia mchanganyiko huo kwa usalama. Spika zako hazina kosa.

Sauti ikikatakata, usikimbilie kununua intaneti ya kasi zaidi. Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 29 hivi kwa saa, na wa 128 hula 58. Mtandao wowote wa nyumbani unamudu. Tatizo kwa kawaida liko njiani kati ya studio na wewe, au studioni kwenyewe. Bonyeza tena Ctrl+N, fungua Show more options, na mahali pa Caching badilisha 1000 iwe 5000. Hapo VLC hulimbikiza sekunde tano za sauti kabla ya kucheza, na mikatiko midogo haisikiki. Ikikataa kuunganisha kabisa, huenda nafasi za wasikilizaji kwenye seva zimejaa, maana vituo vidogo hulipia nafasi chache. Jaribu baada ya robo saa. Kumbuka pia kwamba kompyuta inayotuma mkondo ni tofauti na mtambo wa FM: mtu wa Tandahimba anaweza kuwa anasikiliza bila shida wakati wewe hupati kitu. Na zipo siku ambazo hakuna la kufanya, kama Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika.

Upande wa saa, Tanzania haibadilishi majira. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku huangukia saa tatu usiku Muscat mwaka mzima. London ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi na saa kumi na mbili wakati wa kiangazi. Minneapolis ni saa tano asubuhi, au saa sita mchana kiangazi. Kipindi cha alfajiri kikikukuta kitandani, Shift+R ndani ya VLC huanza kurekodi, na ukibonyeza tena husimamisha. Faili utaikuta kwenye folda ya Music. Zuia kompyuta isilale, maana ikilala kurekodi nako kunakatika.

Mkondo huchelewa nyuma ya FM, kuanzia sekunde chache hadi zaidi ya nusu dakika. Namungo ikicheza, usiwe kwenye simu na watu wa Ruangwa, watakutangulia kushangilia bao. Na ukipigia studio kutuma salamu, izime kabisa redio ya kompyuta, la sivyo utajisikia ukijirudia na mtangazaji atakukata.