Somo: Kumtafuta babu aliyekuwa askari, kuanzia vita vya Mjerumani hadi Burma

Karibuni wanachama. Somo hili ni la yeyote ambaye kwao kuna neno limebaki bila maelezo: "Babu alikuwa Keya." "Babu mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi." "Shangazi alizaliwa kambini." (Keya ni King's African Rifles, KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki.) Wengi wetu tukiamua kutafuta tunakimbilia intaneti, tunaandika jina, hatupati kitu, tunakata tamaa. Ninawaomba muanze na wazee. Karatasi zipo na zitasubiri, wazee hawatasubiri.

HATUA YA 1: Wazee, hasa akina mama

Ukimuuliza mzee "Babu alipigana vita gani?" utajibiwa "vita vya Mzungu", na mazungumzo yataishia hapo. Uliza vitu vidogo. Alivaa nini kichwani? Alirudi na nini? Aliitwa kwa cheo gani? Jirani gani aliondoka naye? Nani alikuwa chifu, mtemi au jumbe siku alipoandikishwa?

Halafu kuna swali ambalo kwangu mimi linazidi yote: watoto wake walizaliwa wapi? Wakati wa amani, wake wa askari wa Keya waliishi na waume zao kambini. Kwa hiyo kila mtoto ni alama ya mahali baba alipokuwa amepangiwa. Chukua karatasi, orodhesha watoto wote kuanzia kifungua mimba, wakiwemo waliofariki wachanga, na mbele ya kila mmoja andika mahali alipozaliwa. Tuseme wa kwanza amezaliwa Tabora, wa pili Dar es Salaam, wa tatu Nairobi, kisha miaka mitano kimya, halafu wa nne kijijini. Miaka hiyo mitano ndiyo ya kuchunguza: huenda mume alikuwa Abisinia, Madagaska au Burma. Mambo haya wanaume wa ukoo huwa hawayajui. Bibi na mashangazi wanayajua yote, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza.

Miaka usiilazimishe. Mzee akisema "baba alikuwa anatambaa wakati wa Mtunya", yaani ile njaa kubwa, na kwao ni Ugogo, umepata kati ya 1917 na 1920. Homa kubwa ya 1918 nayo ni alama nzuri. Rekodi sauti kwa simu, taja tarehe mwanzoni, na tuma nakala kwa ndugu angalau wawili.

HATUA YA 2: Majina yote, siyo jina moja

Jina lililoandikwa jeshini huenda nyumbani hawalijui. Karani aliandika alivyosikia: R ikawa L, Mw- ikapotea, Juma akaongezewa herufi. Wengine walitoa jina la ubatizo, wengine la utani, wengine la baba tu. Tengeneza orodha ya kila jina alilowahi kuitwa, pamoja na jina la baba yake, kabila, chifu na wilaya. Jina la ukoo mnalotumia leo huenda lilianza kutumika baada ya yeye kufa.

HATUA YA 3: Sanduku

Omba ruhusa ufungue sanduku la bibi. Ukiona medali, usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha. Ile ya fedha ya Vita vya Kwanza, yenye mpanda farasi upande mmoja, isogeze dirishani na uizungushe polepole: kwenye ukingo wake mwembamba kumechongwa namba, cheo, jina na kikosi. Namba hiyo ni mali kuliko jina. Inakili kama ilivyo, pamoja na herufi zozote zilizo mbele yake. Medali za Vita vya Pili kwa kawaida hazina jina, ila nyota yenye ncha sita iliyoandikwa "Burma" inatosha kukuambia alifika wapi.

Kwenye picha tazama kofia kwanza. Kofia pana ya ukingo mmoja uliokunjwa inaelekea Vita vya Pili. Tarbushi yenye nembo ya tai ni Mjerumani. Baragumu ni nembo ya Keya. Piga picha ya nyuma pia. Maandishi ya penseli hufutika.

HATUA YA 4: Jeshi lipi?

Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Keya iliundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Kenya, Uganda na Somalia ya Waingereza. Tanganyika wakati huo ilikuwa ya Mjerumani, na askari wake waliitwa Schutztruppe. Vita vilipoanza 1914, watu wa lugha moja na hata ukoo mmoja walijikuta wanapigana. Wabelgiji nao walileta Force Publique kutoka Kongo, wakaingia Tabora Septemba 1916.

Sasa zingatia hili: kuelekea mwisho wa vita Waingereza waliandikisha askari waliokuwa wa Mjerumani, na kikosi cha sita cha Keya kilijengwa juu yao. Mzee akikuambia babu alipigana pande zote mbili, usimkatize. Inawezekana kabisa. Vyeo kama ombasha na shaushi huelekeza kwa Mjerumani, lakini Keya ya mwanzo nayo ilivitumia kwa sababu pande zote mbili zilianza na askari kutoka Sudan. Ndiyo maana wapo watu wa Kibera, Nairobi, na Bombo, Uganda, ambao ukoo wao unarudi Sudan kupitia jeshi.

Wengi zaidi hawakushika bunduki. Walikuwa wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zina jina la kikosi chao, Carrier Corps, na walikufa zaidi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya askari pale Dar es Salaam iliwekwa 1927. Ni nzuri, lakini haina jina hata moja la mpagazi. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu ninafundisha somo hili.

HATUA YA 5: Nyaraka

Tovuti ya Tume hiyo, CWGC, ni bure. Ina waliofariki tu: kuanzia Agosti 1914 hadi Agosti 1921, na Septemba 1939 hadi Desemba 1947. Babu aliyerudi na kufa uzeeni usimtafute humo.

Nyaraka za Taifa za Tanzania ziko Upanga, Dar es Salaam, za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi, na za Zanzibar ziko Kilimani. Omba mafaili ya wilaya ya babu, siyo ya jeshi pekee. Barua za mkuu wa wilaya kuhusu uandikishaji na kodi hutaja machifu na vijiji. Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kuna shajara za vikosi: fungu WO 95 kwa Vita vya Kwanza, WO 169 na WO 172 kwa Vita vya Pili. Usitegemee kukuta humo jalada la babu mwenyewe. Utakuta kikosi chake kilikuwa wapi siku fulani, na hapo ndipo orodha yako ya watoto inapofanya kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Songea: Shikamoo mwalimu. Babu yetu alifia Burma lakini CWGC jina halipo. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Jaribu bila jina: weka nchi, mwaka, na kikosi. Usichague Keya peke yake, kwani walikuwepo pia mapayonia, madereva, wahandisi na wauguzi wa Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw 1944 na kufika mto Chindwin Desemba, basi anzia miezi hiyo. Wasio na kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon ulioko Taukkyan. Soma majina kwa sauti. Sikio litatambua kabla ya jicho.

Mwanachama, Kisumu: Kwetu wanasema babu "alizama na meli ya Hitla". Kuna ukweli?

Jibu: Inawezekana sana, ingawa meli iliyozama ilikuwa ya Waingereza na aliyeizamisha alikuwa Mjapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa karibu na Maldivi. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nenda makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, utafute majina ya tarehe hiyo kwenye mnara wa East Africa Memorial.

Mwanachama, Dar es Salaam: Babu mkubwa alikuwa wa Mjerumani. Tuandike Berlin?

Jibu: Andikeni Bundesarchiv, yaani Nyaraka za Taifa za Ujerumani, fungu R 1001, lakini mjue kwamba hifadhi ya jeshi iliyokuwa Potsdam iliungua Aprili 1945. Anzeni Upanga, mafaili ya utawala wa Mjerumani yapo hapo hapo nyumbani.

Mwanachama, Nakuru: Kuna mtu anasema tukimlipa atatupatia mafao ya babu kutoka Uingereza.

Jibu: Msimpe hata shilingi.

Mwanachama, Bukoba: Baba yuko hai, alipigana Kagera 1978 hadi 1979. Hataki kabisa kuzungumzia vita.

Jibu: Basi usimuulize vita, ndugu yangu. Muulize alifunzwa wapi, walikula nini, nani alikuwa rafiki yake kambini. Kama alipita Lugalo, mwambie kambi hiyo zamani iliitwa Colito, kwa mapigano ya Keya kule Ethiopia 1941, na jina la sasa ni la mahali Mkwawa alipowashinda Wajerumani 1891. Wazee wa jeshi hupenda kusahihisha habari kama hizo, na akianza kusahihisha ameanza kusimulia. Akitaka kwenda kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya kuwaona wenzake waliolala pale, mpeleke. Asipotaka, andika namba yake ya jeshi na kikosi chake, uweke na vyeti vyake, na umwache apumzike.