Kusalimu Amri Katika Chesi: Wakati Wake na Namna Yake

Anayejiunga na klabu ya chesi Kampala, Jinja au Mbale husikia mashauri mawili yanayogongana kabla hata hajajua majina ya wenzake. Mwalimu wa watoto humwambia asisalimu amri kamwe, ilhali mchezaji mkongwe wa meza ya pili humnong'oneza kwamba kuendelea kucheza ukiwa umepungukiwa malkia ni kumdharau mpinzani. Kanuni za FIDE, yaani Shirikisho la Chesi la Dunia, hazimsaidii sana hapa, kwa kuwa zinaeleza tu kwamba mchezo umekwisha pale mchezaji anapotangaza kwamba amesalimu amri, bila kueleza ni lini afanye hivyo. Kwa hiyo lililobaki ni suala la adabu, na adabu hiyo hutegemea mpinzani aliye mbele yako na dakika zilizobaki kwenye saa yake.

Jiulize kwanza: je, huyu anajua kuumaliza mchezo, na muda wa kufanya hivyo anao? Mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake ni ushindi usiozidi hatua 16 kwa anayeijua njia, lakini mwanafunzi wa sekondari ambaye hajaijua anaweza kuzunguka ubaoni mpaka hatua 50 zipite na mpinzani wake adai sare. Mbele ya mwanafunzi huyo, endelea bila aibu yoyote. Mbele ya mchezaji wa timu ya taifa mwenye dakika 20 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, huna unachokisubiri. Katika michezo ya dakika 3 au 5 mimi simlaumu mtu yeyote anayecheza mpaka mati, yaani mfalme ashambuliwe bila njia ya kuokoka, kwa sababu huko saa nayo ni sehemu ya mapambano. Hata hivyo kumbuka kwamba muda wa mpinzani ukiisha huku wewe umebaki na mfalme mtupu, matokeo ni sare, wala si ushindi wako.

Pili, tafuta mtego uliobaki kabla hujanyoosha mkono. Neno mtego nalitumia kwa maana ya jambo unaloweza kulionyesha kwa kidole ubaoni, kwani matumaini ya jumla hayatoshi. Nililipa ada ya somo hili katika mashindano ya mwisho wa wiki. Nilikuwa na kete nyeusi, mfalme wangu akiwa kwenye mraba wa g2 na askari wangu h2, amebakiza hatua moja tu avuke ageuke malkia. Mpinzani alikuwa na malkia, na mfalme wake alikuwa mbali upande wa pili wa ubao. Nilimwona malkia, nikasahau mengine yote, nikasalimu amri. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama alisubiri tutie sahihi karatasi zetu, kisha akasema, "Kijana, rudisha hizo kete." Akamleta malkia g4 kwa shaha, yaani kumshambulia mfalme wangu, akamsogeza mfalme wangu h1, halafu akaniuliza ninaweza kwenda wapi. Sikuwa na pa kwenda, wala sikuwa nimeshambuliwa, na hiyo ni sare. Ili kuikwepa, mpinzani angelazimika kumwondoa malkia wake, na asingepata hata hatua moja ya kumsogeza mfalme wake karibu.

Ikiwa hilo linakufariji, Georg Marco alifanya kubwa zaidi huko Monte Carlo mwaka 1902 alipocheza na Ignaz von Popiel. Aliona kwamba askofu wake aliyefungwa d4 amepotea, akasalimu amri, kumbe askofu huyohuyo angeruka g1, akatishia mati kwenye h2 na papo hapo kumfungulia ngome njia ya kumla malkia wa Popiel. Alijitoa katika mchezo alioushinda.

Ukiamua kuendelea, endelea kwa heshima. Kinachoudhi watu, kwa maoni yangu, si hatua za ziada bali ni visasi vidogovidogo: kuiacha saa yako ikimbie dakika 40 huku umeenda kunywa chai, kuomba sare kila baada ya hatua mbili, kugonga kete ubaoni, kuguna. Kuombaomba sare ni usumbufu ambao kanuni zinaukataza, na mpinzani ana haki ya kumwita mwamuzi. Kwa upande mwingine, ipo hisani ya kuendelea ambayo wengi huisahau: mpinzani akikuandalia mati nzuri kwa kumtoa malkia wake, mwachie aikamilishe ubaoni.

Katika mashindano ya timu usiharakishe, kwa kuwa nusu pointi ya meza yako inaweza kuamua matokeo ya wote. Nahodha anaruhusiwa kukushauri usalimu amri au ukubali sare, ila haruhusiwi kusema neno lolote kuhusu hali ya ubao.

Wakati ukifika, tamka kwa kinywa kwamba umesalimu amri, simamisha saa, kisha ndipo utoe mkono. Usitoe mkono kimya kimya, kwani nimeshuhudia ubishi mkali ambapo mmoja alidhani anapewa ushindi na mwenzake akadai alikuwa akiomba sare. Kumlaza mfalme nako hakutoshi, maana mfalme huanguka hata kwa kuguswa na mkono wa shati. Andikeni matokeo kwenye karatasi zote mbili, mtie sahihi, halafu mtoke nje kuuchambua mchezo ili msiwasumbue wanaoendelea kucheza. Mimi huanza kwa kumwomba mpinzani anionyeshe ni hatua gani yangu aliyokuwa akiiogopa, na zaidi ya mara moja amenionyesha hatua ambayo sikuwa nimeiona kabisa.