Paka kwa nyumba yenye watoto: tazama tabia kabla ya rangi

Watoto wakipelekwa kuchagua paka, macho yao humwendea aliye mdogo kuliko wote au mwenye madoa mazuri. Mtu mzima atazame tabia. Paka mchanga asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, na akingoja hadi wiki 12 ni bora zaidi, maana kwa kucheza na ndugu zake hujifunza kutong'ata kwa nguvu. Uliza pia kama alizoea kushikwa na watu tangu akiwa na wiki 2 hadi 7. Asiyezoeshwa mapema huelekea kuwa mwoga, na paka mwoga ni mwepesi wa kuparura.

Penye mtoto wa chini ya miaka 5, mimi ningechukua paka mzima mtulivu. Mwinue kidogo: akitulia mikononi, au akijitoa bila kutoa kucha, huyo anafaa. Kagua ngozi vizuri, kwani mabaka yasiyo na manyoya huenda ni choa, na choa huwarukia watoto upesi.

Siku za mwanzo mpe chumba kimoja chenye maji, chakula, sanduku la mchanga lililo mbali na chakula, na boksi la kujifichia. Akiingia chini ya kitanda, asivutwe. Watoto wakae sakafuni kimya, yeye ndiye awafuate. Akifika, mtoto anyooshe kidole kinuswe, kisha ampapase shavuni na chini ya kidevu. Tumbo liachwe, hata akilala chali. Mkia ukianza kupigapiga na masikio yakilala nyuma, mchezo uishe hapo hapo. Wazazi wengi hawazioni dalili hizi, halafu lawama zote ni za paka.

Daktari wa mifugo ampe chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, na dawa ya minyoo. Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplazima, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vyenye hatari kwa mimba, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito aiachie kazi hiyo mtu mwingine. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini humuua paka, na parasetamoli vilevile.

Mtoto aking'atwa au kuparurwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.